Mafuta ya Karafuu, Spiriti na Kalamu ya Leza

Mafuta safi ya karafuu huzama. Dondosha tone moja kwenye glasi ya maji, litashuka polepole hadi chini na kukaa pale, la duara, la manjano iliyopauka. Wageni hushangaa, na hata sisi tuliokulia Pemba wengine hushangaa, kwa sababu mafuta ya jikoni tuliyoyazoea yote huelea. Mililita moja ya mafuta ya nazi ina gramu 0.92 hivi, ya maji gramu 1, na ya mafuta ya karafuu ni kati ya gramu 1.04 na 1.06. Ndiyo maana ukimuuliza muuzaji namna ya kuyatambua mafuta ya kweli, jibu la kwanza mara nyingi ni hili: tia majini uone.

Kipimo hicho si cha kupuuza, ila hudanganyika kirahisi. Chukua sehemu tisa za mafuta ya karafuu, ongeza sehemu moja ya mafuta ya nazi. Yote ni mafuta, yanaingiana bila ubishi, na mchanganyiko wake unabaki na uzito wa gramu 1.037 hivi kwa mililita. Utazama kama kawaida. Harufu ni ile ile, maana karafuu ikishaingia mahali hakuna harufu nyingine inayopata nafasi ya kusema. Umenunua nazi kwa bei ya karafuu na glasi ya maji imetoa ushahidi wa uongo.

Watu huniuliza ninafanya nini hasa na vichupa vyangu maabara. Kazi yangu ni kupitisha mwanga ndani ya michanganyiko ya vimiminika na kutazama mwanga unatokaje upande wa pili, au pembeni. Ukisema hivyo kwenye baraza watu wanakupa kahawa na kubadilisha mazungumzo. Lakini ukianza na mafuta ya karafuu, hasa msimu ukiwa umekaribia, wanasogea.

Kuna kipimo cha pili, nacho kimo katika vitabu vya dawa tangu zamani: kipimo kimoja cha mafuta ya karafuu huyeyuka katika vipimo viwili vya spiriti ya asilimia 70, na kimiminika kinabaki angavu. Mafuta ya nazi hayayeyuki humo. Yakiwamo, hata kidogo, spiriti inachafuka na kuwa na ukungu mweupe. Nilikwenda nacho siku moja kwenye duka la mzee mmoja pale Chake Chake, muuza mafuta wa siku nyingi, ambaye mimi humwita ami ingawa hatuna udugu wa damu. Alikuwa na chupa mbili alizozinunua kwa watu wawili tofauti.

"Maalim, hii si pombe hii?" aliuliza nilipofungua kichupa changu.

"Spiriti ya maabara, ami. Hainyweki."

"Haya. Lakini usije ukaimwaga dukani mwangu, mtu akaingia na kusikia harufu."

Chupa ya kwanza ilibaki angavu. Ya pili ilichafuka papo hapo, nyeupe, huwezi kusoma gazeti nyuma yake. Mzee aliishika, akainusa, akaitazama kwenye mwanga wa mlangoni, akainusa tena. "Pua yangu ilishaikubali hii," alisema. Nikamuuliza kauziwa na nani. "Yakhe, hilo niachie mimi."

Alichokiona ami mlangoni ni mtawanyiko wa mwanga, na ningependa tukae hapo kidogo, maana ndiyo nusu ya fani yangu. Hakuna aliyetia kitu cheupe kwenye kichupa. Mafuta ya nazi hayana rangi, spiriti haina rangi. Weupe umetoka wapi? Mafuta yaliyokataliwa na spiriti yamejigawa matone madogo mno, na kila tone linaupinda mwanga tofauti na kimiminika kinacholizunguka. Namba ya mpindo wa mwanga ya maji ni 1.33, ya spiriti iliyochanganywa na maji ni 1.36 hivi, ya mafuta ya nazi ni karibu 1.45, na ya mafuta ya karafuu hufika 1.53. Mwanga ukikuta mpaka kati ya namba mbili zisizolingana, sehemu yake inakwenda upande. Ukikuta mamilioni ya mipaka hiyo, unatawanyika kila upande, rangi zote pamoja, na jicho linasema: maziwa.

Namba zikilingana, hakuna mtawanyiko hata kidogo. Kijiti cha kioo cha Pyrex ukikitumbukiza kwenye mafuta ya kula kinatoweka machoni, maana kioo hicho na mafuta yale vyote viko karibu na 1.47. Na ile 1.53 ya karafuu iko karibu na kioo cha kawaida. Kwa sababu hiyo wataalamu wa hadubini walitumia mafuta ya karafuu kwa miaka mingi kuvifanya vipande vya mimea na wadudu viwe angavu kabla ya kuvitazama. Sijui kwa nini jambo hili halisimuliwi kwenye matembezi ya mashamba ya viungo. Mgeni anaonyeshwa namna ya kupaka midomo rangi kwa mbegu za mzingefuri, lakini haambiwi kwamba mafuta ya karafuu yaliufungulia njia mwanga wa hadubini.

Ukubwa wa matone una habari zake. Fanya jaribio hili ukipata spiriti kali ya maabara. Yeyusha matone machache ya mafuta safi ya karafuu ndani yake, zima taa, piga mwanga wa kalamu ya leza nyekundu kupitia pembeni mwa chupa, na usiielekeze machoni kwa mtu. Mstari wa leza hauonekani ndani ya kimiminika, au unaonekana kwa shida. Anza kudondosha maji, tone kwa tone, ukitikisa. Kwa muda hakuna kinachotokea. Kisha, kabla jicho halijaona ukungu wowote, mstari mwekundu unaanza kujitokeza, mwembamba kama uzi. Ongeza maji, unakuwa mnene. Washa taa: kimiminika sasa kina ubuluu kidogo ukikitazama ubavuni, na ukikitazama kuelekea dirishani kina uchungwa. Ongeza tena, ubuluu unapotea, kunabaki weupe mtupu.

Ule ubuluu ndio ule wa mbinguni. John Tyndall aliuchunguza katika mawingu ya maabara miaka ya 1860, na mwaka 1871 Lord Rayleigh akatoa hesabu yake: chembe zikiwa ndogo sana kuliko urefu wa wimbi la mwanga, mtawanyiko hupungua kwa kipeo cha nne cha urefu wa wimbi, kwa hiyo buluu hutawanyika kuliko nyekundu. Matone yakikua hadi kufikia urefu wa wimbi lenyewe, upendeleo huo unakwisha. Kwa hiyo jicho tupu, bila chombo chochote, limeona matone yakizaliwa na kukua. Jambo hili Wagiriki wanalijua kwenye kinywaji chao cha ouzo, Wafaransa kwenye pastis, na jirani zetu wa Lebanon kwenye arak: mafuta ya mbegu za anisi yaliyomo hutoka kwenye pombe maji yanapoongezwa. Mwaka 2003 watafiti Vitale na Katz walilipa jina la athari ya ouzo. Sisi tungeweza kulifanya kwa karafuu na tukabaki salama na ami.

Lakini kuna udanganyifu ambao spiriti haiuoni kabisa. Karafuu zikishachumwa huchambuliwa, makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu, yanatengwa na karafuu zenyewe. Kwetu kazi hii hufanywa usiku, watu wamekaa kwenye majamvi na watoto wakisinzia. Makonyo nayo ni mali: yanapikwa kwa mvuke na kutoa mafuta, na kiwanda cha Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, kinajulikana kwa kazi hiyo. Mafuta ya makonyo yana eugenoli, kemikali kuu ya karafuu, nyingi sana, mara nyingi asilimia 85 na zaidi. Mafuta ya karafuu zenyewe yana eugenoli pia, lakini yana asetati ya eugenoli nyingi kuliko ya makonyo, na ndiyo inayochangia ule ulaini wa harufu unaolipiwa bei kubwa. Sasa, ukichanganya haya na yale na kuyauza yote kwa jina la karafuu, yatazama, yatayeyuka kwenye spiriti, yatabaki angavu. Sipendi mtu anapoyaita mafuta ya makonyo bandia. Ni mafuta mazuri, yana kazi zake. Yauzwe kwa jina lake tu.

Hapa ndipo unapohitaji mwanga wa namna nyingine. Molekuli zina viungo vinavyoshikanisha atomi zake, na kila kiungo kina mtetemo wake. Ukimulika tone la mafuta kwa mionzi ya infraredi, isiyoonekana kwa jicho, kila mtetemo unameza kipande chake cha mionzi, na mashine inachora mstari wenye mabonde. Asetati ya eugenoli ina kiungo maradufu cha kaboni na oksijeni ambacho eugenoli haina, na bonde lake hutokea karibu na 1765 katika kipimo cha mawimbi kwa sentimita. Mafuta ya makonyo hapo yana bonde dogo au hayana. Mafuta ya nazi nayo yana kiungo cha jamii hiyo, ila kimeshikana na majirani wengine, kwa hiyo bonde lake liko karibu na 1745. Tofauti ya 20 tu, lakini mashine inaiona bila taabu. Tone moja linatosha, dakika moja inatosha, na mafuta unaweza kuyarudisha kwa mwenyewe.

Ndugu yake infraredi ni njia ya Raman. Chandrasekhara Venkata Raman aliigundua Kolkata tarehe 28 Februari 1928, yeye na mwanafunzi wake Krishnan, na mwanzoni mwanga waliotumia ulikuwa wa jua. Walipitia vimiminika kama sitini, wakaona kwamba sehemu ndogo mno ya mwanga unaotawanyika inatoka na rangi iliyobadilika, kwa kiasi kile kile cha mtetemo wa molekuli. Tuzo ya Nobel ikaja mwaka 1930. Ninaipenda njia hii kwa sababu maji hayaisumbui, wakati kwenye infraredi maji humeza kila kitu. Tatizo lake kwa kazi zetu ni mafuta yaliyokaa sana yakawa kahawia: ukiyapiga leza ya kijani yanang'aa yenyewe, mng'ao unaufunika ule mwanga mdogo unaoutafuta, na inabidi uhamie leza ya nanomita 785 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Jua la Raman tunalo tele, lakini mafuta ya kahawia chini ya jua sikushauri.

Basi mtu atasema, spektroskopia, yaani kazi hii ya kuzisoma molekuli kwa mwanga, imeshinda, tuachane na matone. Hapana. Chukua vichupa viwili vyenye eugenoli, spiriti na maji. Kimoja ni angavu. Cha pili kina maji zaidi kidogo na ni cheupe pe. Infraredi itakuambia karibu jambo moja kwa vyote viwili: yumo fulani, fulani na fulani, kwa viwango hivi. Itakutajia majina ya waliohudhuria, haitakuambia nani amekaa na nani. Mtawanyiko ni kinyume chake. Unajua makundi, ukubwa wake na mwendo wake, lakini hata jina moja hautaji. Ugomvi mwingi ninaousikia maabara, na mwingine ninaousoma, unatokana na mtu kuuliza swali la huku kwa mwanga wa kule.

Tuchukue mwendo. Matone hayatulii, yanasukumwasukumwa na molekuli zinazoyazunguka. Robert Brown alilitazama jambo hilo kwenye hadubini mwaka 1827, Einstein akalipa hesabu mwaka 1905, Jean Perrin akaipima na kuithibitisha. Leza ilipopatikana mwaka 1960 njia mpya ilifunguka, na kufikia 1964 watu walikuwa wanapima mwendo huo kwa mwanga. Mwanga uliotawanywa na matone mengi hukutana na kupigana, na matokeo yake ni madoadoa yanayometameta kadiri matone yanavyohama. Matone madogo yanakimbia, kumeta kunakuwa kwa haraka, makubwa yanajikokota. Kwa tone lenye upana wa nanomita 200 ndani ya maji, leza nyekundu na kifaa cha kupokea mwanga kikiwa pembe mraba, kumeta hudumu kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Pima kumeta, umepata ukubwa.

Kwenye karatasi ni rahisi. Kwenye chumba chenye joto la kisiwani ni habari nyingine. Hesabu hiyo inategemea mnato wa maji, yaani ugumu wake wa kutiririka, nao hushuka kwa asilimia 20 hivi kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 30. Kiyoyozi kikizimika, kompyuta ikaendelea kuamini nyuzi 20 wakati kichupa kimefika 30, tone la nanomita 200 litaandikwa 154 hivi. Pemba imeunganishwa na umeme wa gridi kwa waya wa baharini kutoka Tanga tangu 2010, na hali si ile ya majenereta, lakini mtu wa leza huweka kipimajoto ndani ya kichupa chenyewe na kukiamini hicho, si kile cha ukutani.

Halafu kuna vumbi. Kwa chembe ndogo, nguvu ya mtawanyiko hupanda kwa kipeo cha sita cha upana wake. Chembe yenye upana mara kumi inatawanya mara milioni. Kwa hiyo vumbi moja likielea mbele ya leza linaweza kufunika sauti ya matone milioni, na mashine, ambayo haina adabu ya kuuliza, itakupa wastani. Tunachuja kwa kichujio cha mikromita 0.2, tunaosha vichupa, tunavifunika, na kaskazi ikivuma tunafunga madirisha na kuvumilia joto. Nusu ya kazi ya fani hii ni usafi, na wala sioni aibu kusema hivyo.

Vumbi na uchafu si jambo la vijana wa maabara tu. Marián Sedlák wa Slovakia alitangaza mwaka 2006 kwamba michanganyiko mingi ya kawaida, ambayo kila mtu aliiona kuwa sawasawa kabisa, ina makundi makubwa ya ukubwa wa nanomita mia na zaidi, na kwamba makundi hayo hudumu muda mrefu. Wengine wakasema ni vipovu vya hewa. Kundi la Mikhail Anisimov huko Maryland, Marekani, likafuatilia mchanganyiko wa maji na pombe iitwayo butanoli ya tatu, na likaonyesha kwamba uchafu kidogo sana wa kitu kisichopenda maji unatosha kuyazalisha makundi hayo. Ukiuchuja vizuri yanaondoka. Mimi niko upande wa Anisimov. Chupa za kemikali husema usafi wa asilimia 99.5 na sisi tunaifurahia 99, wakati habari yote iko kwenye ile 0.5.

Hata hivyo isije ikaeleweka kwamba kimiminika kisafi na angavu lazima kiwe sawasawa ndani. Fenoli na maji hukataana katika joto la kawaida na kuchanganyika kabisa juu ya nyuzi 66 hivi. Ukipooza taratibu kuelekea hapo, kimiminika hupata ukungu wa lulu hata kabla hakijagawanyika, kwa sababu molekuli zimeanza kusongamana hapa na kupungua pale. Smoluchowski alieleza hivyo mwaka 1908, Einstein akaweka hesabu mwaka 1910. Na kabla ya maziwa ya ouzo kuna eneo ambalo mchanganyiko ni angavu kwa jicho lakini mstari wa leza unaonekana. Werner Kunz wa Regensburg na Thomas Zemb wa Ufaransa wamelichunguza sana kwa maji, ethanoli na oktanoli, pombe iliyo kama mafuta: ndani yake mna vikundi vya mafuta vya nanomita chache, vimejipanga vyenyewe bila sabuni yoyote. Ule uzi mwekundu katika jaribio lako la karafuu, kabla ya ukungu, huenda ndio mlango wa eneo hilo, mradi umechuja vumbi.

Yote haya yana matumizi, na matumizi hayo yananigusa kuliko nadharia. Kuna kina mama wanaotengeneza sabuni na dawa za kupuliza mbu kwa mafuta ya karafuu, na malalamiko yao ni yale yale: chupa ilikuwa nyeupe nzuri wiki ya kwanza, sasa mafuta yamekaa chini. Kinachotokea ni kwamba eugenoli huyeyuka majini kidogo, gramu mbili na kitu kwa lita, na hiyo inatosha kwa matone madogo kuyeyuka polepole na kuyalisha makubwa. Makubwa yananenepa, na kwa kuwa ni mazito kuliko maji, yanazama. Ukitia chupa hiyo kwenye leza siku baada ya siku unaona kumeta kukipungua kasi, muda mrefu kabla jicho halijaona tabaka chini.

Dawa yake ilishajulikana: tia ndani ya tone kitu kisichoyeyuka majini hata kidogo. Eugenoli ikitaka kutoka, kile kinachobaki kinazidi kukolea ndani ya tone na kuivuta irudi. Mafuta ya nazi yanafaa. Ndiyo, yale yale yaliyomtia ami hasara. Nilipomwambia alicheka mpaka akakaa, akasema basi yule bwana aliyemuuzia alikuwa mtafiti.

Ninachotaka kupima msimu ujao ni kama mafuta ya karafuu yana kinga yake yenyewe. Yana karyofileni, ambayo haipendi maji kabisa, na kiwango chake hubadilika kutoka pipa hadi pipa. Ikiwa karyofileni inafanya kazi ya nazi, basi infraredi au Raman itaniambia ni kiasi gani imo siku ya kwanza, na leza itaniambia matone yamedumu siku ngapi. Nimeshaomba vichupa vya mafuta ya makonyo na vya karafuu kwa watu watatu. Wawili wamekubali, wa tatu anataka kwanza kujua nitamwonyesha nani majibu.